Chipu ya Bei Rahisi na Sikio la Makena

Msimamizi wa kliniki alinyoosha mkono nyuma ya kompyuta akachomoa kebo yangu. Binti yangu Makena, wa miaka mitano, alikuwa kwenye kiti, vifaa vyake vya kusikia vimeunganishwa na mashine inayovirekebisha. Sikio la kulia lilikuwa tayari. La kushoto lilikuwa nusu. Huyu bwana hakuuliza mtu. Aliivuta kebo kama anayeng'oa magugu, akaining'iniza kwa vidole viwili, akasema, "Takataka za sokoni hazitaingia kwenye kliniki yangu."

Nilikuwa nimevumilia miezi mitano. Nilivumilia "rudi wiki ijayo." Nilivumilia "mashine imekufa, mama." Nilivumilia hata kuambiwa nipunguze maswali. Hapo ndipo uvumilivu ulikatika. Nilisimama nikamjibu kwa sauti ambayo foleni yote ya nje iliisikia: "Umefungia watoto mashine kabatini miezi mitano kwa sababu hujui kuhesabu mpaka nne!"

Hiyo nne nitaieleza. Lakini siwezi kuieleza bila kueleza kazi yenyewe, na kwa bahati mbaya yenu, Kendi na Muriithi, nyinyi mnaobaki kwenye meza yangu mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Basi kaeni.

Nimeacha meza mwezi huu. Nina miaka thelathini na mbili, na najua mnacheka mkisema ni mstaafu gani huyu anayesubiri kujifungua. Chekeni. Miaka kumi na mbili ya moshi wa solda imenitosha, na daktari amesema huyu aliye tumboni asiuvute hata siku moja. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani ya kuniaga. Ni sawa tu, ningeifungua.

Nilifika kwa Fundi Swaleh mjini Meru nikitoka kwetu Muthara, na cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha ambayo hajaifungua mpaka leo. Duka lake lilikuwa katikati ya bucha mbili, upana wake mlango mmoja na nusu. Alinipa redio iliyokufa. Nikauliza bisibisi iko wapi.

"Bisibisi ya nini? Nusa."

"Ninuse redio?"

"Kwani ukifika nyumbani ukute githeri imeungua, unaita fundi? Si unanusa kwanza!"

Nikanusa. Upande mmoja vumbi. Upande wa pili kitu kichungu, kama nywele zilizoungua. Tukafungua upande huo tukakuta kipande kimepasuka tumbo. Mpaka leo nanusa kabla ya kufungua, na mteja akicheka namwacha acheke, mradi asiondoke na redio yake ikiwa bado imekufa.

Wiki tatu hakuniruhusu kushika chuma cha solda. "Mkono wako una haraka ya mchuma miraa," aliniambia, "na hapa hakuna ndege inayosubiri mzigo." Nilisafisha bodi kwa mswaki na spiriti. Nilipanga skrubu kwa urefu. Nilijifunza mita, kile kipimo chetu cha umeme, mpaka nikawa naota tarakimu. Alikuwa mkali na mbishi, na Ijumaa saa sita alifunga duka aende msikitini hata mteja akipiga magoti. Lakini sijawahi kumwona akimficha mtu anachokijua. Mafundi wengi hukupa mgongo wakifika penye siri. Swaleh aligeuza bodi upande wangu.

Chipu iliyoniletea jina ilifika mwaka wangu wa tatu. Zilikuwa bodi kumi kwenye mfuko mmoja wa plastiki, kutoka maduka ya barabara ya Luthuli kule Nairobi, kila moja ndogo kuliko kidole gumba changu. Mwisho mmoja una kichwa cha USB. Katikati kuna chipu nyeusi yenye miguu kumi na sita, na kando yake kikopo cha fedha mfano wa mbegu ya malenge. Mgongo wa chipu haukuwa na jina hata herufi. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba muuzaji alizihesabu kwa kukadiria, kama dagaa.

Kazi yake ni ukalimani. Kompyuta za siku hizi zinaongea kwa USB. Mizani, vipimo vya nafaka na mashine nyingi za hospitali za zamani zinaongea lugha yao ya polepole, herufi moja ikifuata nyingine kwenye waya mmoja. Chipu inakaa katikati na kutafsiria pande zote mbili. Ukiijua hiyo, umefufua vifaa ambavyo watu wameshavifunika kitambaa.

Karatasi ya maelezo haikuwepo. Iliyokuwa kwenye mtandao ilikuwa ya Kichina, na Kichina changu kinaishia kwenye majina ya simu. Kwa hivyo nilichora miguu yote kumi na sita nyuma ya kalenda ya duka la mbegu, nikashika mita, nikaanza kuuliza mguu mmoja mmoja. Huu una umeme? Huu umeungana na nani? Huu unapumzika kwa volti ngapi? Bodi ya kwanza ilikataa kuamka siku mbili. Kompyuta ilisema haimjui mgeni. Siku ya tatu niliinua kioo cha kukuzia nikaona kile kikopo cha fedha mguu wake mmoja umesimama hewani, haujagusa bodi. Kikopo hicho ndicho kinachopiga mapigo ya moyo wa chipu. Bila mapigo, maiti. Niligusa kwa tone la solda dogo kama kichwa cha siafu, na kompyuta ikalia kengele yake.

Halafu nikafanya jaribio ambalo nawaomba mlifanye kila mara mnapopata bodi mpya, hata mkiwa na haraka. Nilichukua kipande cha waya nikaunganisha mdomo wa chipu na sikio lake lenyewe. Yaani inayotuma ndiyo inayopokea. Nikaandika kwenye kompyuta, UGALI. Ikarudi, UGALI. Nikatoa waya, nikaandika tena. Kimya. Nikarudisha waya. UGALI. Nilipiga kelele mpaka mchinjaji wa jirani akaja na kisu.

Swaleh alivaa miwani akaangalia. "Umetumia nauli ya Nairobi kununua mwangwi?"

"Si mwangwi, Fundi. Inaongea!"

"Inarudia ulichosema wewe. Kule kwenu milima ya Nyambene kitu hicho kinapatikana bure." Lakini sikumaliza hata kusonya, alikuwa ameshavuta kiti. "Andika jina langu tuone kama inajua adabu."

Sasa niwape aibu yangu, mnajua sifichi. Mchinjaji yule yule mwenye kisu alikuwa na mizani ya kisasa, na alitaka uzito usomeke kwenye kompyuta aliyoletewa na mwanawe. Mizani ilikuwa na tundu pana la miguu tisa. Mimi, na kiburi changu cha UGALI, niliunganisha bodi moja kwa moja kwenye lile tundu. Sikupima. Moshi ulitoka mwembamba, mweupe, wima, kama uzi.

Mchinjaji alisema, "Nimekaa na moto miaka ishirini, sijawahi kuona kitu kikiiva haraka hivyo."

Ndipo nikachukua mita. Chipu yangu huishi kwenye volti tano. Waya wa mizani ulikuwa na kumi na mbili, tena chini ya sifuri, ukiruka juu na kushuka. Lugha ni moja lakini mwenzake anaipiga kwa mayowe. Kati yao lazima uweke chipu nyingine ya kupunguza sauti. Swaleh alinichukua mita mkononi akaizima. "Mita ni ya kupima kabla," alisema. "Baada ya moshi, unapima nini? Jeneza?" Nilirudi kwa mchinjaji siku ya tatu na bodi mbili zilizoshikana mgongo, na mizani yake inasoma mpaka leo. Lakini tangu siku hiyo siamini kebo kwa umbo la kichwa chake. Napima kwanza.

Jambo jingine ambalo nimeligombania na wateja mpaka sauti ikaisha: rahisi si feki. Feki ni kitu kinachovaa jina la mwingine. Kuna chipu zinazopigwa chapa ya kampuni kubwa, na siku kompyuta ikijisasisha zinagundulika na kukataliwa, na mteja anarudi akitukana mama yako. Yangu haijaandikwa chochote mgongoni, lakini ukiichomeka na kuiuliza ni nani, inasema jina lake lenyewe. Ni maskini mkweli. Kazi hii imenifundisha kuheshimu maskini mkweli kuliko tajiri wa jina la kuazima, na simaanishi chipu peke yake.

Nilipoolewa nikahamia Embu, Swaleh alinipa mita yake ya zamani na hakusema hotuba. Alisema, "Betri yake ni dhaifu, usinisingizie." Nilifungua meza yangu karibu na stendi, hiyo hiyo mnayokalia sasa. Na Embu ndiko nilikojifunza kuhesabu mpaka nne.

Mama mmoja mwenye ghala la mahindi alikuwa na kipimo cha unyevu. Unatia punje, mashine inakuambia kama mahindi yamekauka au yataota ukungu. Kompyuta yake ya zamani ilikufa, mpya haikuwa na tundu la miguu tisa, nami nikamtengenezea kebo. Chipu iliamka, nguvu zilikuwa sawa, waya ulikuwa sawa. Ile programu ya kipimo ikasema haioni kitu. Siku tatu! Nilibadilisha kebo mara nne. Nilianza kuamini ghala lina majini.

"Mama Makena, kubali tu imekushinda," yule mama akaniambia. Makena alikuwa mgongoni, mdogo kabisa.

"Ikinishinda nitakwambia. Bado."

Kosa lilikuwa nje ya waya. Kila ukichomeka chipu hii kwenye tundu jipya la USB, kompyuta huipa nambari ya mlango, kama namba ya chumba kwenye gesti. Mlango wa tano, wa sita, wa saba, inaendelea kupanda. Lakini programu za zamani ziliandikwa wakati kompyuta zilikuwa na milango minne tu. Hubisha wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, basi, zinaenda nyumbani. Chipu yangu ilikuwa imekaa chumba cha kumi na moja inasubiri mgeni ambaye hatapanda ngazi. Nikafungua orodha ya vifaa kwenye kompyuta, nikabadilisha kumi na moja ikawa mbili. Mahindi yakasomeka papo hapo. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Andikeni hiyo ukutani. Kabla ya kusema kebo ni mbovu, angalia imepewa mlango wa ngapi. Si ustadi wa ajabu, ni kukataa kuondoka kabla ya kujua. Kwa kazi hiyo moja walikuja wa maabara ya shule, wa mizani za kahawa, wa mashine za kupima maziwa. Sikuwahi kuandika bango. Walisema tu, "Nenda kwa yule mama wa kebo." Najivunia hilo jina kuliko cheti changu.

Makena alipofika miaka mitatu tulijua hasikii vizuri. Alipata vifaa viwili vya kusikia, na mtoto wa namna hiyo vifaa vyake havirekebishwi mara moja ukamaliza. Masikio yanakua, kusikia kunabadilika, kila miezi michache lazima vifaa viunganishwe kwa mashine na kompyuta, vipangwe upya. Mwaka huu kliniki ikaletewa kompyuta mpya. Mashine ikaenda kabatini. Tukaanza kurudishwa.

Miezi mitano. Kifaa cha kushoto kikaanza kupiga mluzi sikioni. Akawa anakitoa na kukificha kwenye kopo la majani chai. Mwalimu akaniita akaniambia mtoto amekuwa mkaidi, haitiki. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu si mkaidi, huyu hasikii." Nililia nikifika nyumbani, halafu nikafua nguo. Mtoto akikaa kimya umri huo, maneno anayoyakosa hayamsubiri.

Safari ya mwisho, mhudumu wa masikio, binti mpole anayeitwa Wanja, alifungua kabati kutafuta pamba. Nikauona mgongo wa mashine kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na tundu pana. Miguu tisa.

"Hiyo ndiyo imekufa?" nikauliza.

"Ndiyo. Msimamizi alileta kebo ya USB akajaribu mwenyewe. Programu ikasema haioni mashine. Akaandika ni mbovu, kebo akairudisha dukani."

"Ilinuka?"

"Nini?"

"Mashine. Ilinuka kuungua?"

"Hapana, Mama Makena. Ilikuwa inawaka taa vizuri tu."

Mimi hutembea na kebo moja mkobani kama wengine wanavyotembea na rozari, ile niliyoitengeneza mwenyewe na chipu zote mbili. Wanja aliangalia mlango, akaangalia Makena, akavuta kiti. Nilipima kwanza. Nikachomeka. Programu ikasema haioni mashine.

"Unaona?" Wanja akanong'ona. "Ndivyo ilivyofanya hata ile."

Nikafungua orodha. Mlango wa saba. Nikabadilisha ukawa wa pili, na mashine iliyozikwa miezi mitano ikajitambulisha kwenye kioo, jina lake na namba yake. Wanja alifunika mdomo. Alivipanga vifaa kuanzia sikio la kulia, taratibu, mpaka akasimama nyuma ya mtoto akasema kwa sauti ya chini sana, "Makena, una viatu vizuri." Na Makena akageuka. Akasema, "Ni vya Krismasi."

Wanja akaanza la kushoto. Mlango wa chumba ukafunguliwa, msimamizi akaingia. Kilichofuata nimeshawaambia.

Aliponijibu alisema, "Mama, hii ni mashine ya hospitali, si redio. Mtoto akipigwa na umeme?"

Hilo lilikuwa swali la maana, na angelianza nalo kabla ya kuvuta kebo ningemheshimu. Mashine yenyewe ndiyo inayomtenga mtoto na umeme wa kompyuta, ndivyo ilivyoundwa. Kebo yangu iko upande wa kompyuta. Nilimwambia alete fundi wa hospitali apime mbele yangu. Alisema haiko kwenye orodha ya vifaa. Akaamuru mashine irudi kabatini, akalifunga, akatia ufunguo mfukoni. Akina mama sita waliokuwa nje wakaambiwa warudi mwezi ujao. Mmoja alikuwa ametoka Muthara alfajiri, kwetu, nilimjua kwa lafudhi.

Na kifaa cha kushoto, kwa sababu kilikatwa katikati ya kuandikwa, hakipigi tena mluzi. Kiko kimya kabisa.

Sikutukana zaidi. Nilirudi nikaandika barua kwa Kiswahili cha darasani, nakala mbili. Jumatatu niliipeleka mwenyewe, Makena mkononi, na nikakataa kuondoka dirishani mpaka nakala zote mbili zipigwe muhuri wa kupokelewa. Karani aliniuliza kama ningependa kupunguza makali. Nikamwambia makali nimeshapunguza. Hii hapa.

Kwa Bodi ya Kliniki.

KUH: MASHINE YA KUREKEBISHA VIFAA VYA KUSIKIA

Mimi ni mzazi wa mtoto mnayemhudumia na ni fundi wa elektroniki wa miaka kumi na mbili. Nalalamika kwamba mashine tajwa ni nzima, na imefungiwa kabatini miezi mitano kwa kuandikwa ni mbovu. Haikuwa mbovu. Kompyuta yenu iliipa mlango wa saba na programu yenu husoma mpaka wa nne. Hatua za kubadilisha nimeziambatanisha kwenye ukurasa wa pili, kwa michoro, na mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuzifuata.

Nalalamika pia kwamba msimamizi alichomoa kebo mtoto akiwa katikati ya huduma, na sasa kifaa chake cha kushoto hakifanyi kazi. Mhudumu aliyekuwa zamu hakufanya kosa na asiadhibiwe kwa kumsaidia mtoto.

Naomba mambo mawili. Sikio la kushoto la Makena limalizwe wiki hii. Na watoto waliorudishwa siku hiyo waitwe kwa simu, mmoja mmoja, waambiwe mashine inafanya kazi.

Kama shaka yenu ni usalama, leteni mtaalamu apime, nitafika na mita yangu. Kebo nawaachia bure. Lakini kama sababu ya kuikataa ni kwamba ni ya bei rahisi, naomba mniandikie hivyo hivyo, mtie sahihi na muhuri, nije niwasomee akina mama kwenye foleni.